Bandama ya mdogo wangu imevimba: ni malaria, ni saratani, au ni nini?

"Assalaam aleikum daktari. Naandika kutoka Wete. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Alikaa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, miaka sita akinunua na kuuza dagaa, na amerudi nyumbani karibu mwaka sasa. Tangu miezi mitatu hivi anashiba upesi mno, tonge tatu za ugali anasukuma sahani, na chini ya mbavu za kushoto kuna kitu kigumu ukimgusa unakiona. Hospitali walipima malaria, hakuna. Altrasaundi imeandika bandama ina sentimita 17, na kipimo cha damu kinaonyesha chembe sahani elfu 74. Tumepewa vidonge vya kuongeza damu tukaambiwa turudi. Bibi yetu anasema huo ni wengu wa malaria, wao wanaujua tangu utotoni, na dawa yake ni kukandwa kwa mafuta ya habasoda na kuchanjwa chale. Jirani anasema ni saratani. Ami yetu anataka tuuze kipande cha shamba apelekwe Dar es Salaam bandama ikatwe. Kipi ni kweli? Ikikatwa atapona? Na msimu wa karafuu unakaribia, yeye ndiye mpandaji wetu. Nina hofu zaidi kwa sababu mwanangu wa miaka miwili ana selimundu, na kliniki waliniambia nichunge bandama yake."

Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na yasiyoweza kungoja nimalize maelezo. Mdogo wako asikandwe tumbo, iwe kwa habasoda, kwa mafuta ya nazi au kwa mkono wa mkandaji hodari kuliko wote Pemba. Na msimu huu asipande juu ya mkarafuu. Sababu zake zinakuja, lakini hata ukikatishwa kusoma hapa, hayo mawili yafanye leo.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Nyumbani mmegawanyika: bibi ameshika malaria, jirani saratani, ami kisu. Wote watatu nawaelewa, ila wote wanaitazama bandama kana kwamba ndiyo iliyougua. Mara nyingi bandama iliyokua inaitikia jambo linalotokea kwengine, ama kwenye damu, ama kwenye ini, ama vijidudu vilivyoingia mwilini. Kwa hiyo sentimita 17 haijawa jina la ugonjwa. Ni taarifa kwamba kuna jambo, na sasa litafutwe.

Bandama ya mtu mzima mwenye afya haizidi sana urefu wa sentimita 12 au 13, ina uzito wa gramu 150 hadi 200 hivi, na imejificha nyuma ya mbavu za chini upande wa kushoto. Kwa kawaida huwezi kuishika. Ukiweza kuigusa kwa vidole, basi imeshakua mara mbili au zaidi. Ikikua hushuka chini na kuelekea kitovuni, na njiani inalibana tumbo la chakula. Ndiyo maana mdogo wako anashiba kwa tonge tatu. Ugali haujamkataa, hauna pa kukaa.

Kazi yake kubwa ni kuchuja. Chukua kifumbu cha kukamulia tui: kilaini kinapita, machicha yanabaki. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na ikizeeka inakuwa ngumu, haiwezi tena kujipinda ipite kwenye vijitundu vya bandama. Inakamatwa humo, inavunjwa, na madini yake ya chuma yanarudishwa yakatengeneze damu mpya. Humo humo vijidudu vinavyozunguka katika damu vinanaswa, na askari wa mwili wanafunzwa kuvitambua. Tena bandama inaweka akiba: kama theluthi moja ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, hukaa ndani yake.

Ukishaijua kazi hiyo, sababu za kuvimba hazikupi tabu. Inakua kwa kuwa imezidiwa na kazi, kama kwenye malaria, taifodi, au maradhi ya kurithi yanayoharibu chembe nyekundu. Inakua pia kwa kuwa damu inaingia na haipati njia ya kutoka, au kwa kuwa imejazwa na chembe zisizopaswa kuwamo, kama kwenye baadhi ya saratani za damu. Hiyo ya njia ya kutoka naomba uitilie maanani. Damu inayotoka kwenye bandama haiendi moyoni moja kwa moja, bali hupita kwanza kwenye ini. Ini likiziba, bandama inajaa.

Bibi yenu ana hoja, wala msimcheke. Wakati wa utoto wao, wataalamu wa malaria waliingia maskulini, wakawalaza watoto mmoja mmoja na kuwapapasa bandama, kisha wakahesabu. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Kampala mwaka 1950 ulizipanga nchi na vijiji kwa hesabu hiyo hiyo: pale ambapo zaidi ya robo tatu ya watoto walikuwa na bandama inayoshikika, malaria ilihesabiwa kuwa ya daraja la juu kabisa. Kwa hiyo mtoto mwenye tumbo la wengu alikuwa jambo la kila siku. Lakini visiwa vyetu vimebadilika. Jaribio la kwanza la kuitokomeza malaria, kuanzia 1957 hadi 1968, lilisimamishwa na ugonjwa ukarudi. Dawa mseto zilipoanza 2003, zikafuatiwa na vyandarua na upuliziaji wa majumbani, maambukizi yalishuka hadi watu walioonekana na vimelea wakawa chini ya mmoja katika mia. Kijana wa Pemba wa leo kuwa na bandama kubwa kwa sababu ya malaria ya Pemba ni jambo la nadra.

Hata hivyo malaria siifuti moja kwa moja. Mdogo wako alikaa miaka sita kanda ya Ziwa, ambako bado ipo kwa wingi. Kuna hali ambayo mwili wa mtu aliyeumwa malaria mara kwa mara huzidisha kinga, bandama ikawa kubwa mno, na wakati huo huo kipimo cha malaria kikasema hakuna. Hutibiwa kwa dawa za malaria za muda mrefu, miezi mingi, na bandama hupungua polepole. Ila daktari huifikia hali hiyo baada ya kuondoa nyingine. Haanzi nayo.

Mimi kilichonisimamisha kwenye barua yako ni neno Ukerewe. Kichocho tunachokijua Unguja na Pemba ni cha mkojo: mtoto anakojoa damu, vidonge vinagawiwa skuli. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na bandama haina habari nayo. Ziwa Victoria lina ndugu yake, kichocho cha matumbo, ambacho minyoo yake hukaa kwenye mishipa midogo ya matumbo na kutaga huko mayai mengi kila siku kwa miaka. Baadhi ya mayai hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama kwenye vijimshipa, na mwili unalizungushia kila yai kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka, njia ya damu ndani ya ini inakuwa nyembamba.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Nyama ya ini inaweza kuendelea na kazi vizuri, macho yasiwe njano, vipimo vya ini vikaja safi, na mgonjwa akawa anabeba magunia. Huku nyuma damu imerundikana, bandama imejaa, na mishipa ya chini ya koo la chakula imetuna. Mshipa mmoja wapo ukipasuka, mtu ambaye jana alikuwa mzima anatapika damu beseni zima. Kufikia hapo huchukua miaka, mara nyingi mitano hadi kumi na tano, na huhitaji kuingia maji ya ziwa mara kwa mara. Mnunuzi wa dagaa anayeipokea mitumbwi maji yakiwa magotini, akaoga ziwani jioni, anaingia humo. Muulize mdogo wako alivyokuwa akiishi kule. Sijamwona, na siwezi kusema ndicho alichonacho, lakini lau angeingia chumbani kwangu leo, swali hilo lingekuwa la kwanza.

La pili lingekuwa homa ya ini aina B, ambayo huweza kuleta makovu yake yenyewe kwenye ini, na matokeo kwa bandama ni yale yale. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Mdogo wako ana miaka 29, kwa hiyo alizaliwa kabla yake. Kipimo ni tone la damu na jibu hutoka siku hiyo hiyo. Akikutwa nayo, zipo dawa za kufubaza virusi ambazo kwa anayezihitaji hulinda ini kwa miaka mingi. Pombe nayo hufanya makovu ya namna hiyo. Swali hilo, pamoja na la kipimo cha Virusi vya Ukimwi, aulizwe peke yake na daktari, bibi akiwa nje ya chumba. Nimeona vijana wengi wakijibu "sijawahi" kwa sababu ya aliyekaa kiti cha pembeni.

Sababu nyingine nazipitia kwa haraka. Kifua kikuu huweza kufika kwenye bandama, na kwa kawaida huja na homa za jioni, kikohozi na kukonda. Taifodi huivimbisha kwa wiki chache, haiwi miezi. Maradhi ya kurithi ya damu aghalabu yangeshajitokeza utotoni. Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaokuza bandama, haipo visiwani, ila aliyeishi maeneo kama Baringo au Turkana huko Kenya, au Sudan Kusini, amtajie daktari.

Na jirani yenu? Saratani ya damu na ya matezi zimo kwenye orodha, nami sitaki kukuficha. Lakini haitangazwi kwa kutazama tumbo. Kipimo cha damu cha kawaida mlichokwisha kufanya kinatoa dokezo: chembe nyeupe zikiwa nyingi kupita kiasi, au zikiwa na umbo la ajabu chini ya hadubini, daktari atachukua uboho, yaani ule ute wa ndani ya mfupa, ukapimwe. Kutokwa jasho la kulowesha shuka usiku, kukonda bila sababu, na matezi shingoni au kwapani yasiyouma ni mambo ya kutajwa. Tena kuna aina moja ya saratani ya damu inayokuza bandama sana na ambayo siku hizi hutibiwa kwa vidonge vya imatinib, mtu akaendelea na maisha yake. Jirani asiwahi kuchimba kaburi.

Chembe sahani elfu 74 zimekutia hofu, na kweli kiwango cha kawaida kinaanzia elfu 150. Hapo bandama kubwa inajieleza yenyewe: ile akiba ya theluthi moja inaongezeka, chembe nyingi zinabaki zimefungiwa ndani, na sindano inayochota mkononi inakuta chache. Zimepotea kwenye hesabu, hazijafa zote. Kwa kiwango hicho watu wengi hawatokwi na damu ovyo. Hata hivyo asinywe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, maana zinachokoza tumbo na kuzidhoofisha chembe hizo hizo. Parasetamoli kwa kiasi atakachoambiwa na daktari inatosha. Vidonge vya kuongeza damu havimdhuru, ila haviwezi kufungua njia iliyoziba.

Narudi kwenye kukandwa na chale. Bandama iliyojaa damu ina ngozi iliyovutika, nyembamba. Kiganja kinachosukuma kwa nguvu, teke la mpira, kuanguka kutoka bodaboda au tawi la mkarafuu lililovunjika vinaweza kuipasua, na damu ikamwagikia tumboni pasipo kuonekana nje. Dalili zake ni maumivu makali ya kushoto, pengine yakipanda hadi bega la kushoto, kizunguzungu, jasho baridi na midomo kupauka. Chale nazo haziifikii bandama, zinaishia kwenye ngozi. Na wembe uliomgusa mwengine ndio njia mojawapo ya kuambukizana homa ya ini B, yaani dawa inayoleta ugonjwa unaotibiwa. Ukizungumza na bibi, usimwambie amekosea. Mwambie daktari amesema tumbo hili lisiguswe mpaka sababu ipatikane, na mpe kazi ya kumpikia mgonjwa uji na milo midogo midogo mara tano kwa siku. Hilo kweli litamsaidia.

Kwa ami yenu: shamba lisiuzwe bado. Kukata bandama kunafanyika, na wakati mwengine kunaokoa maisha, kwa mfano ikipasuka na damu isikome, au kwenye maradhi fulani ya damu, au kwa baadhi ya wenye kichocho wanaotapika damu mara kwa mara. Lakini kama mlango umeziba kwenye ini, kuitoa bandama hakuufungui. Na mtu asiye na bandama anabaki maisha yake yote akiwa dhaifu mbele ya vijidudu vya nimonia na uti wa mgongo. Homa ya asubuhi inaweza kuwa hatari ya kifo ifikapo usiku. Malaria pia humpata kwa ukali zaidi. Ndiyo maana upasuaji wa kupangwa hutanguliwa na chanjo, wiki mbili au zaidi kabla. Ningependa fedha za ami zitumike kwanza kwenye vipimo na nauli.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Damu itazamwe chini ya hadubini, isiishie kwenye namba za mashine. Vipimwe virusi vya ini B na C, kazi ya ini, na Virusi vya Ukimwi. Choo kitafutwe mayai ya kichocho kwa siku tofauti, kwa sababu maambukizi ya zamani hutoa mayai machache na choo cha siku moja hudanganya. Kipo pia kipimo cha kijiti cha mkojo kinachokamata kichocho cha matumbo. Maabara nyingi za Pemba zimezoea kutafuta kichocho kwenye mkojo, kwa hiyo waambieni wazi kwamba alikaa Ziwa Victoria. Altrasaundi irudiwe na mtu atakayeangalia mishipa ya ini na mwendo wa damu ndani yake. Ikionekana imetuna, atahitaji rufaa kwenda kuingizwa kamera ya koo, hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja wawaelekeze, na ikibidi Muhimbili, Dar es Salaam. Mishipa iliyotuna hufungwa kwa vipira vidogo, au hupunguzwa shinikizo kwa vidonge vya propranololi. Kichocho kikithibitika, dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Inaua minyoo. Makovu ya zamani hayaondoki yote, ila yasiyo makubwa hupungua, na bandama nayo hushuka kwa miezi.

Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami na kunata, au akipata yale maumivu ya bega na kizunguzungu, nendeni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, iwe Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee Mkoani. Msingojee boti ya asubuhi ya kwenda Unguja. Atulizwe hapo kwanza, rufaa itafuata.

Mwanao sasa. Hali yake ni tofauti kabisa na ya mjomba wake. Kwenye selimundu chembe nyekundu zenyewe ni ngumu, na kwa mtoto mdogo zinaweza kukwama kwenye bandama kwa wingi ghafla. Damu inafungiwa humo, tumbo linavimba kwa saa chache, na mtoto anapauka, anakuwa mlegevu, hataki kucheza. Huyo anahitaji damu haraka. Huko Jamaika wazazi walifundishwa kuipapasa bandama nyumbani, na vifo vya namna hii vikapungua sana. Nawe unaweza kujifunza. Mlaze chali akiwa ametulia, magoti yamekunjwa kidogo. Weka vidole vyako bapa, visichome, karibu na kitovu, kisha panda taratibu kuelekea mbavu za kushoto, ukisubiri kila anapovuta pumzi. Ncha ya bandama, kama ipo, itakuja yenyewe kugusa vidole. Pima ni vidole vingapi chini ya mbavu, andika kwenye kadi yake pamoja na tarehe. Mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe mara ya kwanza ukiwa naye. Siku ukikuta imeshuka zaidi ya ulivyoandika, na mtoto amepauka, usipige simu kwa mtu kuomba ushauri, nenda. Homa ya nyuzi 38 nayo ni ya kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Penisilini yake ya kila siku isikatike, hata akiwa mzima. Watoto wengi wenye selimundu bandama zao husinyaa wakikua, kwa hiyo miaka hii ndiyo ya kuchunga zaidi.

Mkirudi hospitali, usianze na "tumbo linamsumbua". Sema hivi: "Ana miaka 29, bandama ni sentimita 17, chembe sahani elfu 74, malaria hakuna, amekaa Ukerewe miaka sita." Mchukue na karatasi ya altrasaundi ya kwanza, ile ile halisi, ili ya pili ilinganishwe nayo.